Tembo wa Bitana

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, waliokaa na wanaopita njia, kwamba asubuhi ya Jumatano moja kijana msomi, mwenye akili iliyonolewa katika shule ya bweni mpaka ikawa kali kuliko wembe, aliamua kuleta mapinduzi katika uchukuzi wa baiskeli za watoto. Alikaa, akakohoa kidogo kama anayefungua mkutano, akatunga uzi. Punde si punde alikuwa amejidunga sindano kwenye kidole gumba na anakinyonya kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana.

Kabla hatujafika mbali, msimulizi anaapa mbele ya wote kwamba hana undugu wowote na kijana huyo. Anamsimulia kwa kuutetea ukweli tu.

Nyumbani walimwita Mheshimiwa. Jina alipewa na mama yake likizo ya kwanza, pale alipotaka chumvi mezani akasema, kwa sauti ya mdahalo, kwamba angependa kuwasilisha ombi. Mama akampa chumvi, akampa na jina, na jina likamganda kama kupe. Yeye hakuona kejeli hapo. Aliona watu wake wameanza kutambua kipaji.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, tena si fundi wa kubahatisha. Sebule ndiyo ilikuwa karakana. Cherehani ilikaa dirishani penye mwanga, meza ndefu ya kukatia ilisimama katikati, na jioni ukitaka kukaa kwenye kochi ilibidi kwanza uyaombe radhi magauni ya watu. Chini ya meza kulikuwa na kapu la mabaki, na kapu lile lilikuwa na sheria yake moja tangu watoto walipojua kutambaa: kilichomo kapuni ni cha atakayekiwahi, hakuna kuuliza. Ndiyo maana wanasesere wa mdogo wake Mheshimiwa walivaa suti za kitambaa kizuri kuliko wanaume wengi wa mtaa ule.

Mdogo mtu aliitwa Chiriku, na aliyempa jina hilo hakuhitaji kufikiri sana. Alikuwa darasa la pili, meno mawili ya mbele yalikuwa yamemtoka, na maneno yaliyokuwa yakizuiwa na meno hayo sasa yalipita bila kizuizi. Baba yao, ambaye kazi yake ilikuwa ya safari, alikuwa amemletea baiskeli nyekundu. Tangu hapo Chiriku alikuwa na haja moja tu duniani: kwenda kwa bibi, mtaa wa pili, peke yake, akiwa amebeba maziwa ya bibi ya kila asubuhi. Alijaribu mara moja. Mkono mmoja ulishika chupa, mkono mmoja ulishika usukani, na alipofika kwenye duka la mikate usukani ukachagua ukuta. Chupa ilivunjika, goti likachubuka, maziwa yakanywewa na paka wa muuza mikate, na mama akaifungia baiskeli stoo.

"Mikono miwili kwenye usukani," mama akasema. "Siku utakapopata pa kuweka maziwa, na mikono yako yote miwili ikabaki kwenye usukani, njoo nikupe ufunguo. Kabla ya hapo usinisumbue."

Mheshimiwa alimhurumia sana mdogo wake. Huruma hiyo, kusema haki, ilichelewa kidogo kufika. Ilifika baada ya mama kuamua kwamba, maadamu baiskeli iko stoo, maziwa ya bibi yatapelekwa na Mheshimiwa kwa miguu, kabla ya chai. Asubuhi chache za kuamshwa wakati jogoo mwenyewe bado anajinyoosha zilitosha kumfungua macho kijana, akaiona wazi dhuluma wanayotendewa watoto wenye baiskeli.

Basi jioni ya Jumanne alipanda juu ya meza ya kukatia. Irudiwe, kwa faida ya watakaotaka kumtetea baadaye: juu ya meza ya kukatia, penye kazi za watu. Aliyasukuma mafungu ya nguo kwa makalio yake ya kisomi ili apate nafasi, akatoa hotuba. Alisema yeye binafsi atamshonea Chiriku mkoba wa usukani, wa kushonwa kwa mkono, wa kurithiwa na wajukuu. Alisema ushonaji shuleni ameusoma mpaka umemkinai. Mama alikuwa anakanyaga cherehani na hakugeuka. Alimwambia tu ashuke, meza ile si jukwaa, na kama anataka vitambaa, kapu analijua lilipo.

Kuhusu elimu yake ya ushonaji, ukweli ni mfupi. Mheshimiwa alijua mshono mmoja, na aliutumia kwa kazi moja tu, nayo ni kuziba. Aliwahi kuziba mikono ya shati la kiranja. Aliwahi kuziba foronya ya jirani yake ikiwa na maganda ya machungwa ndani. Na muhula uliopita, kwenye kilele cha taaluma yake, aliiziba miguu ya suruali ya mwalimu wa bweni ilipokuwa imeanikwa kambani. Mshono wenyewe ulikuwa msalaba juu ya msalaba, kama seng'enge, na mwishoni mafundo matatu yaliyopandana, manene kama punje za mahindi. Aliuita mshono wa kufa na kuzikana. Bweni zima lilifyeka nyasi kwa ajili ya suruali ile, naye akafyeka pamoja na wenzake kwa uso wa mtu anayeonewa. Mkosaji hakupatikana.

Mwalimu huyo wa bweni wanafunzi walimwita Tochi, kwa sababu hakuwahi kupaza sauti, alimulika tu. Ulikuwa unatafuna mkate wako chini ya shuka, ukashangaa kuona kumekucha. Sasa, milima haikutani lakini binadamu hukutana. Siku ya wazazi Tochi aliliona koti alilovaa mama yake Mheshimiwa, akauliza fundi ni nani, na likizo ilipoanza mteja wa kwanza kupiga hodi alikuwa yeye, kitambaa cha buluu iliyokoza kikiwa kwapani. Alikuwa amepandishwa cheo kuwa makamu mkuu wa shule na alitaka koti la siku ya kukabidhiwa ofisi. Wakati wa kupimwa, Mheshimiwa alikuwa bafuni, anaoga kwa muda ambao ungetosha kuosha ng'ombe. Kutoka huko alisikia ubishi mdogo. Tochi alitaka mikono ya koti ishuke mpaka kwenye vidole, ndiyo heshima. Mama alisema mkono wa koti huishia kwenye kifundo, ukishuka zaidi mtu huonekana ameazima koti la kaka yake. Mwishowe mama akanyamaza akaandaa chaki. Koti ni lake, mikono ni yake.

Turudi kwenye Jumatano ya mapinduzi. Mheshimiwa aliinama kapuni na juu kabisa ya mabaki akakuta kitu kama bomba la bitana ya kijivu, laini, inayong'aa, imeshonwa tayari kwa ubavuni na iko wazi huku na huku. Akaona nyota yake imewaka. Mkoba ni nini, kama si bomba la kitambaa lililozibwa chini? Na kuziba ndiyo fani yake. Bomba lilikuwa zito kuliko bitana ya kawaida, lakini Mheshimiwa hakuwa mtu wa kulalamikia ubora.

Alikaa kitandani, akalilaza bomba juu ya paja, akaanza kazi. Chiriku alisimama mbele yake akiwa msimamizi.

"Kaka, mbona uzi unaingia kwenye kaptula?"

"Niache. Hii ni kazi ya watu wazima."

Chiriku akanyamaza, jambo ambalo lingetosha kumshtua mtu yeyote mwenye akili zake. Mheshimiwa alifunga fundo la tatu, akasimama auonyeshe ulimwengu mkoba, na mkoba ukasimama naye. Ulikuwa umeshikamana na kaptula juu ya goti, unaning'inia kama mtoto asiyetaka mama aende sokoni.

"Sasa na wewe utafungwa kwenye usukani?" Chiriku akauliza.

Ilibidi kufumua. Alifumua, akashona upya juu ya kitabu cha jiografia, ambacho angalau hakina kitambaa. Upande mpana alitoboa matobo mawili kwa ncha ya mkasi, akapitisha kamba za viatu vyake vya shule, akaenda kuufunga kwenye usukani. Hapo likaja tatizo jingine. Mkoba ulikuwa mrefu mno, ukashuka mpaka ukalala kwenye gurudumu la mbele. Mheshimiwa aliinamisha kichwa upande, kisha upande wa pili, kama fundi bomba anayesubiri wazo.

Wazo lilitoka kwa Chiriku. Alisema huo si mkoba, huo ni mkonga, na mwenye mkonga ni tembo, na tembo lazima awe na masikio. Kaka mtu hakubisha. Kwa heshima iliyobaki, tembo alikuwa afadhali kuliko mkoba mbaya. Aliukunja mkonga ukapinda kuelekea juu, akaushindilia hapo kwa mshono wa kufa na kuzikana, na tembo akawa kama anayepiga tarumbeta. Masikio alimkatia kutoka kwenye mabaki ya pazia la njano. Moja lilitoka kubwa kuliko jingine, na Mheshimiwa akaeleza kwamba tembo wa aina hii husikiliza zaidi upande wa kwa bibi. Jicho akampachika kifungo. La pili halikuwepo. Kifungo kilichofanana hakikupatikana.

Chiriku alizamisha mkono ndani mpaka kwapani, apime kama chupa itaenea.

"Ana meno," akatoa taarifa. "Madogo. Yako chini kabisa."

Mheshimiwa akamwambia kwamba tembo wote wana meno, hata kitabu kinasema.

Asubuhi ya Alhamisi mama alimwona tembo kwa mara ya kwanza, mlangoni, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango asianguke. Bitana ya kijivu haikumpa shaka. Makoti yote aliyoshona yalikuwa na bitana hiyo, na kapu halikukosa vipande vyake. Alichopoa ufunguo kwenye kanga, akalaza chupa ya maziwa, ya plastiki safari hii, kwenye kiwiko cha mkonga, na akamsindikiza Chiriku kwa miguu mpaka duka la mikate. Hapo akasimama, akamwachia. Baiskeli nyekundu ilikata kona, masikio ya njano yanapepea, mikono miwili kwenye usukani. Chiriku alirudi na chupa tupu, salamu za bibi na habari za mtaa mzima. Mheshimiwa hakuyaona haya kwa macho, kwa kuwa alikuwa amelala, na usingizi ule, msimulizi anaambiwa, ulikuwa mtamu kuliko wote wa likizo.

Mchana huo mama alikaa kuunganisha mikono ya koti la Tochi. Alichukua wa kulia. Alinyoosha mkono kuchukua wa kushoto, akagusa meza tupu.

Alitafuta juu ya meza, chini ya meza, nyuma ya cherehani, kati ya mapazia ya mtu, ndani ya kabati la vyombo. Kapu alilimimina sakafuni akalichambua kama mchele wenye mawe. Mheshimiwa alimsaidia kwa moyo mweupe kabisa. Alipanda kiti akatafuta hata juu ya feni. Kisha, ili watafute kitaalamu, akauliza huo mkono ulikuwa katika hali gani.

"Nilikuwa nimeugeuza nje ndani," mama akasema. "Bitana ndiyo iko juu. Na kwenye kifundo nilishapiga vifungo vitatu."

Mheshimiwa alishuka kwenye kiti taratibu. Alitoka nje kama mtu aliyekumbuka ana miadi. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, na tembo alimtazama kwa jicho lake moja. Akaingiza mkono mdomoni mwa tembo. Ulipita kwenye kitambaa kizito, kile cha ndani ambacho msomi mzima hakuwahi kukigeuza akakitazama, ukafika chini. Jino la kwanza. La pili. La tatu.

Hapo akayakumbuka mafungu ya nguo mezani siku ya hotuba, na kapu lililokuwa chini yake, na makalio yake ya kisomi.

Angeweza kurudi ndani akasema. Msimulizi anajua kwamba njia ilikuwa wazi na haikuwa na hata hatua kumi. Lakini kusema kulikuwa na maana kwamba tembo afumuliwe, na Chiriku arudishiwe stoo furaha yake ya asubuhi moja. Isitoshe, kusema kulikuwa na maana kwamba Tochi aambiwe mkono wake umetobolewa na nani. Mheshimiwa akaamua kusubiri mpaka hali ya hewa iwe nzuri. Alirudi ndani, akaendelea kutafuta mkono alioujua ulipo, na kusema kweli alitafuta kwa bidii kuliko mwanzo.

Jioni alijaribu njia ya diplomasia. Alimwendea Chiriku, akamwambia yuko tayari kumpa mpira wake wa ngozi, wake kabisa, na yeye amrudishie tembo kwa siku chache kwa ajili ya ukaguzi. Chiriku alimtazama kama askari wa mpakani.

"Tembo hauzwi," akasema. "Tembo analindwa." Na usiku akalala naye.

Ijumaa mama alikwenda kwenye duka la vitambaa na kipande cha buluu mkononi, akarudi na kipande kile kile. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na kilicholetwa kipya kilikuwa kimepauka. Koti lilikuwa la kuchukuliwa kesho yake. Alikaa kwenye kochi, juu ya magauni ya watu, bila kuyaomba radhi. Akavua miwani akaishika mapajani.

Alimkumbusha Mheshimiwa jinsi wiki iliyopita alivyoitafuta miwani hiyo nyumba nzima huku ameivaa. Walicheka siku ile, wote watatu. Sasa hakuwa anacheka.

"Mwanangu, nimefikiri sana," akasema. "Nadhani ule mkono sikuupoteza. Nadhani sikuushona. Niliushona kichwani, nikadhani nimeushona mezani. Inawezekana?"

Mdomo wa Mheshimiwa ulifunguka. Mdomo ule ulikuwa umeshinda midahalo mitatu, ukawahi kumshawishi mpishi wa shule kwamba Ijumaa ni siku ya wali mara mbili. Kilichotoka humo kilikuwa hiki:

"Huenda, mama."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali aliyokuwa anayategemea. Akasema koti hilo litakuwa la mwisho. Baada ya hapo atabaki na mapazia na sare za watoto. Pazia halina mkono wa kupotea. Kisha akainuka kwenda kuangalia chakula jikoni, na njiani akapapasa ukuta, yeye ambaye nyumba ile aliijua gizani.

Hapa palihitajika mzaha. Mheshimiwa aliutafuta, hakuupata.

Jumamosi aliamka ameazimia kusema kabla ya chai. Kisha akaona ni ustaarabu kumwacha mtu anywe chai. Kisha akaona vikombe vioshwe kwanza. Alikuwa anakiosha kikombe kimoja kwa mara ya nne hodi ilipopigwa, na sauti ya nje akaifahamu kwa mgongo kabla ya masikio.

Tochi alikuwa bado kizingitini, anasalimiana na fundi, Chiriku alipowasili kutoka kwa bibi na kufunga breki kwa soli za viatu. Akamwamkia. Tochi akaitikia marahaba, akauliza huyu mwenye masikio ni nani.

"Tembo. Anabeba maziwa. Kaka ndiye kamshona, na ana meno."

Tochi alichuchumaa mbele ya baiskeli, suruali ikiwa imepigwa pasi ya kukatia nyanya, akalisifu sikio kubwa, akalisifu na dogo. Akaushika mkonga, akaupindua kuona ulivyoshikizwa. Halafu akabaki pale pale amechuchumaa. Mheshimiwa, ambaye alikuwa njiani kuelekea bafuni kwa utaratibu wake wa siku zote, alisimama nyuma ya pazia la korido na kuchungulia. Akamwona mwalimu anaingiza vidole mfukoni mwa shati, anatoa tochi ndogo. Ilikuwa mchana kweupe. Akamulika mshono.

"Fundi," akasema bila kuinuka, "yule kijana wako yupo?"

Kijana wake alitoka, mikono ina povu. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Huu mshono naufahamu. Niliufumua kwa wembe, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, na nyinyi mmeshajipanga mstarini. Msalaba juu ya msalaba, na mafundo matatu. Unakumbuka nilikuja mstarini nimevaa nini?"

"Bukta ya michezo, Mwalimu."

"Ulicheka?"

"Si kwa sauti."

"Nani aliyeshona?"

Mheshimiwa akasema ni yeye. Alilisema haraka, karibu kwa furaha, kama anayelipa nauli. Mama alijifunika mdomo kwa kiganja, na haikujulikana kama anaficha aibu au kitu kingine. Tochi aliinuka, akazima tochi, akatoa hukumu: muhula ukifunguliwa, nyasi zote za nyuma ya bweni ni za mtu mmoja, na mtu mwenyewe ajiletee fyekeo. Akaingia ndani kulijaribu koti lake.

Na hapo, ndugu msikilizaji, mlango ulikuwa wazi. Kosa dogo lilikuwa limejitokeza likapokea adhabu, na kosa kubwa lilikuwa limejibanza nyuma yake, hakuna aliyeliuliza jina. Tochi alikuwa ameuona uzi, hakukitazama kitambaa. Mheshimiwa angeweza kurudi kwenye kikombe chake. Alikwisha geuka.

"Mwalimu, na mimi nina la kukuomba radhi," akamsikia mama yake akisema. Alikuwa amelishika koti mbele yake, lina mkono mmoja, na upande wa pili tundu. Miwani hakuwa ameivaa. "Mkono wako mmoja sikuushona. Nilidhani nimeushona. Siku hizi macho yangu, na hiki kichwa..."

Mheshimiwa alitoka nje. Akafungua kamba za viatu kwenye usukani.

"Kaka, unampeleka wapi?"

Alimbeba tembo kwa mikono miwili, akaingia, akamlaza juu ya meza ya kukatia, pembeni ya chaki.

"Macho yako ni mazima, mama. Na kichwa chako. Ulishona mikono miwili, wa pili ndio huu. Nilipokalia meza uliangukia kapuni, nikautoboa nikafanya tembo. Nimejua tangu juzi. Hata jana niliposema huenda, nilikuwa najua."

Chiriku, aliyemfuata mpaka mlangoni, alinyamaza kwa mara ya pili katika wiki hiyo. Mama alivaa miwani. Hakumtazama mwanawe. Aliingiza mkono mdomoni mwa tembo, taratibu, mpaka kwenye kiwiko, akayahesabu meno kwa vidole.

"Niliushona," akasema, peke yake, kwa sauti ndogo. "Kumbe niliushona." Na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Kisha fundi akarudi kazini. Alikata mafundo yale kwa wembe, akaugeuza mkono upande wake wa haki, buluu ikatoka nje, akayatazama matobo. Akamwambia mwalimu kwamba yako juu, karibu na bega. Akiyakata yataondoka, lakini mkono utapanda, na wa pili itabidi aupandishe ulingane nao. Itaishia hapa. Akamgusa mteja wake kwenye kifundo.

Tochi alitazama vidole vyake, akatazama kifundo, akatazama sikio la njano lililobaki mezani.

"Fundi, si ndipo ulipotaka tangu mwanzo?"

"Ndipo," mama akasema, akachukua chaki. Akaongeza kwamba koti jingine akitaka, awahi kuleta kitambaa, maana makoti bado anashona.

"Na tembo?" Chiriku akauliza.

Wote watatu wakamgeukia Mheshimiwa. Mama alitazama dirishani, kwenye kamba ya kuanikia, ambako suruali ya jinzi ya Mheshimiwa ilikuwa inakauka. Ndiyo ya kutokea, ya pekee, ambayo hakuruhusu hata vumbi liikaribie. Mguu wa suruali nao, ukiutazama vizuri, ni bomba la kitambaa. Mama alimpa mkasi. Chiriku alichagua mguu wa kushoto. Mheshimiwa alishona mchana kutwa, kwenye kigoda, mbele ya Tochi aliyekaa kusubiri koti lake na kila mara kuinama kumulika. Mshono mkubwa, fumua. Msalaba, fumua. Shona kama mama yako. Kesho yake maziwa ya bibi yalikwenda na tembo wa jinzi mwenye mfuko mmoja wa nyuma, uliobanduliwa kwenye suruali hiyo hiyo, kisogoni, mikono miwili kwenye usukani. Mheshimiwa alikuwa amepangiwa kusindikiza kwa miguu mpaka likizo iishe, kabla ya chai.

Sasa, msimulizi aliapa mwanzoni kwamba hana undugu na kijana huyo, na kiapo hakukivunja, kwa kuwa mtu hawi ndugu wa nafsi yake. Angeishia hapo kwa heshima, kama mama asingesimama nyuma ya kiti chake sasa hivi, miwani machoni, akasoma yote kisha akauliza huyo "kijana msomi" ni mtoto wa nani.

Ni wako, mama. Ni mimi. Na nimeyaandika haya nikiwa nimevaa kaptula ya jinzi, kwa sababu mguu wa kulia nao ulibidi ukatwe ulingane na wa kushoto.